Je, Akili Humpoteza Mtafuta Kweli?

SWALI: Mjomba wangu hushikilia kwamba anayeitafuta kweli ya dini kwa akili badala ya maandiko amekwisha kupotea. Je, ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyezaliwa Cordoba, katika Hispania ya leo, mwaka 1126 na ambaye, tusisahau, alikuwa kadhi, hakuyaacha maandiko, lakini alifundisha kwamba kweli haipingani na kweli, hivyo pale hoja iliyothibitika inapokinzana na maana ya dhahiri ya andiko, andiko hilo hufasiriwa kwa maana yake ya ndani. Kutumia akili hivyo aliona ni wajibu wa kisheria, ingawa kwa wenye elimu ya mantiki tu. Hapo, kwa maoni yangu, aliubana mlango mno.