Summer yao si kiangazi chetu

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni hapa Bagamoyo, kamusi itawaambia "summer" ni kiangazi. Iaminini nusu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mgeni wa Uingereza aje "in summer, when it is very hot". Mimi nawaza Januari, kaskazi inavuma na mchanga unaunguza nyayo. Yeye akatua Julai, kipupwe hicho, kusi inavuma, jioni anaulizia sweta. Kwao "summer" ni Juni hadi Agosti. Kwa Mwaustralia ni Desemba hadi Februari. Toka siku hiyo nataja mwezi tu, yaishe. Masika yaiteni "the long rains", vuli "the short rains".

Halafu joto lenyewe. Sisi tunasikia joto, basi kijana mmoja akamwambia mgeni "I hear hot". Sema "I feel hot" au "I'm hot". Ila usimwambie mgeni "you are hot", hasa akiwa binti: hapo umeshamtongoza. Muulize "Is it too hot for you?" Joto letu la kunata, lile la shati kugandia mgongoni kabla hamjafika Ngome Kongwe, ni "humid". Waingereza husema pia "muggy". "Warm" ni joto la raha. Ukilitumia Februari saa saba mchana, mgeni atakuona mwongo.

Neno lililonitesa kuliko yote ni kivuli, maana Kiingereza kimeligawa. Kivuli cha mbuyu kule Kaole, mnapopumzika, ni "shade". Kivuli chako kinachokufuata njiani ni "shadow".

Kandambili ni "flip-flops". Mwaustralia akisema amepoteza "thongs" zake ufukweni, msaidie kutafuta tu, hazungumzii chupi.

La mwisho ni jioni. London mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mgeni wa Julai hana haraka. Saa kumi na moja na nusu bado anapiga picha magofu. Mwambie mapema: "It gets dark before seven." Na chunga saa za Kiswahili zisikuponyoke. Mimi nilimpa mtu miadi ya saa kumi na mbili jioni, nikasema "twelve". Akafika saa sita mchana, jua la utosi, kofia hana, na mimi niko nyumbani nakula.