Maswali yenu kuhusu mbwa aina ya Jack Russell

Dume langu lina mwaka mmoja na nusu. Likishaona shimo halisikii la mtu, naita mpaka sauti inanikauka. Nilifanyeje?

Kwanza, usilichape linapotoka. Mbwa anayechapwa akimfikia bwana wake hujifunza kuwa kumfikia bwana ni balaa, na siku nyingine utamngoja zaidi.

Halafu ujue unashindana na nini. Jack Russell alizalishwa aingie kwenye pango la mbweha, amkabili na kumbwekea bila kumwachia nafasi, mpaka mbweha atoke au wawindaji wafike na majembe wamchimbue. Kule chini gizani hakuna wa kumwelekeza, anaamua peke yake. Huo tunaouita ukaidi ndio sifa waliyoitafuta wafugaji kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo hautaondoka kwa kugombezwa.

Anza mahali pasipo na mashimo, kwa kamba ndefu ya mita 10. Mwite, akija mpe kipande cha nyama, kisha mwachie arudi kunusanusa. Hapo kwenye kumwachia ndipo wengi wanapokosea. Wakimwita ni kumfunga tu na kurudi nyumbani, basi mbwa anaelewa kuwa wito ni mwisho wa raha. Rudia kila siku, muda mfupi mfupi. Hata akishaiva, penye mapango mimi simfungui kamba, kwa sababu mbwa hawa hukwama ardhini na wengine hufia humo. Na kama amefunzwa kazi ya mashimo, mvue mkanda wa kawaida wa shingoni kabla hajaingia, maana hunasa kwenye mizizi.

Jack Russell ni jina la mtu?

Ndiyo. John Russell alizaliwa Dartmouth, Uingereza, mwaka 1795, akawa kasisi katika jimbo la Devon na mpenzi mkubwa wa uwindaji wa mbweha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alimnunua kwa muuza maziwa jike jeupe lililoitwa Trump, lenye madoa machoni na masikioni na doa dogo kwenye shina la mkia. Alitaka mbwa wa kumfurusha mbweha, si wa kumuua, kwani mbweha akifia shimoni mbio za kumfukuza zimekwisha. Aliaga dunia mwaka 1883. Leo, kwa sheria ya mwaka 2004, ni marufuku England na Wales kuwinda wanyamapori kwa mbwa. Panya hawamo katika marufuku hiyo.

Anatuulia panya ghalani, tunafurahi. Jirani anasema ataugua. Kweli?

Jirani yako msikilize. Mkojo wa panya hubeba bakteria wa leptospira, ambao hupenya kwenye kidonda au utando wa mdomo na macho, wakashambulia figo na ini. Binadamu pia huambukizwa. Mbwa achanjwe kila mwaka, na mizoga iokoteni kwa glavu.

Ninachokihofia zaidi ni sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mbwa anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa baada ya kuila, au baada ya kula panya aliyeila. Kisha ufizi unapauka, anachoka, pengine anakohoa damu. Ukijua amegusa sumu, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo na uchukue pakiti yake. Dawa ipo, vitamini K1, ila hutolewa kwa wiki kadhaa na inafaa ianze mapema. Ghala lenye mbwa wa panya lisiwe na sumu kabisa. Na kazi yake ni safi: anadaka shingoni, anatikisa mara moja kwa nguvu, anaachia, anamgeukia mwingine. Panya hateseki kama mikononi mwa paka.

Anaweza kukaa na simbilisi wa watoto?

Hapana, kwake huyo ni windo kama panya. Watoto wenyewe sawa, mradi wasimvute mkia na mtu mzima awepo.

Nataka kununua mtoto wa mbwa. Niangalie nini?

Waangalie wazazi. Urefu begani ni sentimita 25 hadi 30, weupe utawale, manyoya yawe laini, ya kukwaruza au ya katikati. Shika kifua cha mama nyuma ya viwiko kwa mikono miwili: vidole vikutane chini na dole gumba zikutane mgongoni. Kifua kinachozidi hapo hakipiti shimoni. Kisha uliza vipimo vya macho na vya usikivu, maana uziwi wa kuzaliwa upo katika aina hii. Mfugaji asiyekuwa na majibu, muage.

Wangu ana miaka mitano. Jicho moja limekuwa jekundu na analifumba. Nisubiri kesho?

Usisubiri hata usiku mmoja. Aina hii hurithi ugonjwa unaolegeza nyuzi zinazoshikilia lenzi. Lenzi ikiteleza mbele, shinikizo ndani ya jicho hupanda, maumivu ni makali, na uoni unaweza kupotea haraka. Ugonjwa huu hujitokeza zaidi kati ya miaka mitatu na minane, kwa hiyo umri wa mbwa wako unanitia wasiwasi. Mwambie daktari apime shinikizo la jicho, na la pili alichunguze palepale hata kama linaonekana zima, kwa sababu mara nyingi nalo hufuata.