Kuogopa umati wa Mumbai

Dada yangu wa Ujiji, umesema leo siku ya tatu uko Mumbai na mama mgonjwa, na umati wa barabarani unakutia hofu hata kutoka chumbani. Pole sana. Mimi ni wa Mwanga, nami wiki ya kwanza nililia. Toka nje alfajiri, watu wakiwa bado wachache, uizoee njia moja tu ya hospitali. Treni za mjini zina mabehewa ya wanawake, panda humo, ila saa za watu kwenda na kutoka kazini ziache kabisa: treni nyingi hukimbia milango wazi, watu wananing'inia. Kusini mwa jiji bajaji haziruhusiwi, chukua teksi yenye mita. Na mama mwambie unavyojisikia, huenda naye anaogopa kimyakimya.