Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Mezani ya Mtumba

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinahusu kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa mambo ambayo waulizaji wengine pia wameyataja.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Isevya, Tabora Mjini, na ninakusudia kufungua stesheneri ndogo ya kuchapa barua, kutoa kopi na kuwasaidia vijana kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu mtandaoni. Muuzaji mmoja wa hapa mjini ananipa Dell OptiPlex, Core i5, pamoja na kioo cha inchi 19, kibodi na mausi, kwa shilingi 450,000. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema Kariakoo nitaipata kwa 350,000 na kwamba atanitumia kwa basi. Nifuate lipi, na nikague nini kabla sijatoa fedha? *Dada wa Isevya*

JIBU: Dada yetu, hiyo laki moja unayoiona ni tofauti ya bei usiihesabu kuwa faida mpaka umeondoa gharama ya mzigo na umejiuliza ni nani utakayemrudia kompyuta ikigoma kuwaka wiki ya pili. Muuzaji wa mjini kwako unaweza kumfuata kwa miguu. Iwapo kaka yako ataingia dukani mwenyewe, akaiwasha mashine, akakaa nayo kwa nusu saa na kuifungasha mbele ya macho yake, Kariakoo inafaa. Lakini ikiwa atamwachia winga, yaani dalali wa mtaani, amchagulie na kumletea boksi lililokwisha kufungwa kwa gundi, sisi tungenunua Tabora na kuomba tupunguziwe.

Hata hivyo, maneno “Core i5” hayatoshi kukuambia unanunua nini, kwa kuwa jina hilo la prosesa (ubongo wa kompyuta) limekuwa sokoni tangu mwaka 2009 na linabeba mashine za kila umri. Uliza namba inayofuata. Namba hiyo ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo inayotaja kizazi: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-6500 ni ya cha sita, na i5-8500 ni ya cha nane, kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Jambo hili lina uzito kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inaikubali prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane tu. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikifanya kazi kwenye mashine ya kizazi cha nne, kwa maana mafundi wana njia za kulizunguka sharti hilo. Ila uamuzi wa kuiendelezea mashine hiyo masasisho unabaki kwa kampuni, wala si kwa fundi. Kwa kazi uliyoitaja, kizazi cha sita kwa bei nafuu kinatosha ukikubali kutumia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kama huikubali, ongeza fedha upate cha nane.

Baada ya kizazi, tazama diski. Mashine nyingi za ofisi za Ulaya na Marekani zilitoka na diski ngumu ya kuzunguka, na ndiyo inayomfanya mteja asimame mbele ya meza yako akisubiri kompyuta iamke. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji (Performance), na diski itajitaja yenyewe kuwa ni HDD, yaani hiyo ya kuzunguka, au SSD, isiyo na kinachozunguka. Ukikuta HDD, mwambie muuzaji akubadilishie kwa SSD ya GB 240 au 256 na umwongeze fedha kidogo. Hakuna badiliko jingine litakaloonekana haraka kama hilo, hata kuongeza RAM. Kuhusu RAM yenyewe, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, GB 8 ndiyo kipimo cha kuanzia. Jua pia kuwa mashine za kizazi cha nne kwa kawaida hutumia RAM ya aina ya DDR3 na za cha nane hutumia DDR4, na kadi hizi haziingiliani kwa sababu mkato wa chini umewekwa mahali tofauti, kwa hiyo usinunue kadi ya kuongeza kabla ya kujua ipi inahitajika.

Sasa lifungue kasha hilo ambalo watu wengi huliita CPU. Muuzaji asiyetaka lifunguliwe umeshapata jibu lake. Ndani, angalia vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi kuzunguka prosesa: juu yake panapaswa kuwa bapa, na kilichovimba au kilichotoa ute wa kahawia ni dalili ya bodi inayokaribia kufa. Vumbi lenyewe lisikutishe, mradi feni inazunguka bila kukwaruza. Kisha washa mashine huku ukibonyeza F2 ikiwa ni Dell, F10 ikiwa ni HP, au F1 ikiwa ni Lenovo. Ikikudai nywila kabla ya kukuruhusu kubadilisha mipangilio, iache papo hapo. Huenda ni usahaulifu wa ofisi iliyoiuza, lakini huenda pia ni mali ya wizi, na kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai. Kwa sababu hiyohiyo dai risiti iliyoandikwa namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye kasha, si risiti ya “kompyuta moja” tu.

Umbo la kasha nalo lina hoja yake. Yale makasha membamba yanapendeza mezani na hayali nafasi, lakini pawasapulai yake, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, kwenye Dell na HP ina umbo la kampuni yenyewe, na ikiungua utaitafuta Tabora nzima bila kuipata. Kasha pana la wima huwa rahisi kulihudumia, ingawa hata hapo mpe fundi jina kamili la modeli kabla hajaahidi kipuri. Ukiona nyuma yake swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230, hakikisha imesimama kwenye 230 kabla ya kuchomeka waya, kwa kuwa baadhi ya mashine zilizotoka Marekani huletwa zikiwa kwenye 115, na kosa hilo hulipiwa kwa mlio mmoja na moshi. Mashine nyingi za karibuni hujirekebisha zenyewe na hazina swichi hiyo.

Kwenye kioo, fungua ukurasa mweupe mtupu uuangalie ukiwa umesogea nyuma kidogo: manjano pembeni au kiza katikati ni taa ya ndani inayochoka. Linganisha pia matundu ya nyuma, kwa maana kasha la ofisi mara nyingi hutoa DisplayPort ilhali kioo cha zamani kinapokea VGA, ile ya buluu yenye skrubu mbili, nawe ukajikuta unarudi sokoni kutafuta kiunganishi. Kibodi ijaribu herufi kwa herufi. Zipo zinazotoka Ufaransa ambazo A na Q zimebadilishana nafasi, na mchapaji wa kulipwa hawezi kufanya kazi nazo.

Iwapo mzigo utatoka Dar es Salaam, kaka yako aweke magazeti yaliyokunjwa ndani ya boksi pande zote, na kioo kisafiri kimesimama, kisilazwe. Ukipokea, usiwashe kwanza. Fungua ubavu, zikandamize kadi za RAM mpaka vishikizo vya pembeni vilie, na uangalie kama kile chuma kizito kilichokalia prosesa hakijalegea. Kompyuta nyingi zinazosemwa kuwa “zimekufa njiani” zimelegea RAM tu. Ikigoma bado, ichomoe RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha.

La mwisho kwako, tenga fedha ya UPS kabla ya kununua meza nzuri. Ya VA 650 inaitosha kompyuta moja na kioo chake kwa dakika za kutosha kuhifadhi kazi ya mteja umeme unapokatika, na pia huikinga mashine dhidi ya ule umeme unaorudi kwa kishindo. Ukinunua UPS ya mtumba, hesabu kuwa unanunua boksi bila betri. Betri yake, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12 na Ah 7, huchoka ndani ya miaka michache, lakini hubadilishwa. Printa ya leza na mashine ya kutoa kopi zichomeke ukutani au kwenye stebilaiza yenye uwezo wake, kamwe zisiwe kwenye UPS, kwani zinapopasha moto sehemu inayoyeyusha wino wa unga kwenye karatasi huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuizidi nguvu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Urambo. Kompyuta ya mtumba niliyoinunua inafanya kazi vizuri, lakini nikiligusa kasha lake kwa nyuma nikiwa peku napata kama sisimko la umeme mkononi. Plagi yake ina miguu miwili ya mviringo, hivyo huwa naichomeka kwa kutanguliza kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Je, kuna hatari?

JIBU: Mwalimu, hatari ipo, na sehemu yake kubwa iko kwenye hiyo kalamu. Tundu la juu la soketi zetu ni la waya wa ardhi. Mguu wa tatu wa plagi ndio unaofungua milango ya matundu mengine mawili na kuunganisha chuma cha kompyuta na ardhi kwa wakati mmoja. Kalamu inafungua milango lakini haiunganishi chochote.

Sisimko lenyewe lina maelezo. Ndani ya pawasapulai mna vichujio vinavyopeleka mkondo mdogo sana wa umeme kwenye chuma cha kasha ili kupunguza makelele ya umeme, na mkondo huo umekusudiwa kuishia ardhini. Usipokuwapo waya wa ardhi, kasha hubaki na volti inayoweza kufikia karibu nusu ya ile ya ukutani, ikisubiri mtu aliye peku kwenye sakafu ya saruji. Mkondo wake ni mdogo na kwa kawaida hauui, lakini siku pawasapulai itakapoharibika na waya wa moto ukagusa chuma, hapatakuwa na kitu cha kukata umeme kabla yako au mwanafunzi wako.

Waya huo wa kompyuta unachomoka pande zote mbili, kwa hiyo nunua mwingine wenye plagi ya miguu mitatu bapa; bei yake ni ndogo na hauhitaji fundi. Ukiufunga na sisimko likaendelea, basi soketi yenyewe haina ardhi, jambo ambalo si geni katika nyumba zilizofungwa umeme kwa haraka. Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague nondo ya ardhi nje ya nyumba. Wapo watakaokushauri uvae ndala na kuendelea na kazi. Usiwasikilize.

SWALI: Niko Ujiji, Kigoma. Fundi amenipigia Windows kwenye HP niliyoinunua, lakini kila mara maandishi hutokea pembeni ya kioo yakinitaka niiwezeshe (“Activate Windows”). Anataka elfu ishirini aje na flashi ayaondoe. Pia kompyuta haina waifai, na nikiipa intaneti ya simu bando la wiki huisha kwa siku moja. Nifanyeje?

JIBU: Usimpe hiyo elfu ishirini. Programu za kuondoa maandishi hayo zinazotembea kwenye flashi hutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na hicho pekee kinatosha kumtia mtu wasiwasi. Uliza badala yake mashine yako ilitoka kiwandani na toleo gani. Mashine za kampuni zilizouzwa na Windows 8 au toleo la baadaye huwa na ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya bodi yenyewe, na fundi akipiga toleo lilelile, kwa mfano Windows 10 Pro mahali palipokuwa na Windows 10 Pro, litajiwezesha lenyewe likipata intaneti. Mara nyingi tatizo ni kwamba fundi ana faili moja tu kwenye flashi yake na humpigia kila mteja hiyohiyo. Ikiwa mashine haina ufunguo, Linux Mint ni ya bure kihalali na haina usumbufu huo. Pamoja nayo utapata LibreOffice, inayofungua nyaraka za Word ingawa wakati mwingine majedwali husogea, hivyo kazi ya kuchapishwa kwingine itume kama PDF.

Kuhusu intaneti, waya wa kuchajia simu unatosha mradi uwe unapitisha data: uchomeke kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya simu uruhusu kugawa intaneti kwa USB. Huhitaji kununua kifaa cha waifai. Bando linaliwa na masasisho yanayojipakua yenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows, uchague muunganisho huo, na uutambulishe kuwa ni wa kupimwa (metered). Yale makubwa yatasubiri, nawe uyaruhusu siku utakapokuwa na bando la usiku.

SWALI: Kila nikiwasha kompyuta yangu hapa Nzega saa inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka zikisema si salama. Je, ni virusi?

JIBU: Si virusi. Ndani ya kasha mna betri ya duara ya fedha iliyoandikwa CR2032, inayoitunza saa wakati umeme haupo, na yako imekwisha. Kivinjari, ile programu unayofungulia tovuti, hulinganisha vyeti vya usalama vya tovuti na tarehe ya kompyuta yako, na kikikuta tarehe ya zamani hukataa. Chomoa waya wa umeme, bana kishikizo kwa ncha ya bisibisi betri iruke, weka mpya upande wa maandishi ukiwa juu, kisha urekebishe tarehe. Mafundi saa huwa nazo.