Kabla Hujanunua Mashine ya Plastiki, Nunua Mizani

Tangu nilipoandika kwamba kiwanda chetu kimewasha mashine ya tatu, simu haijatulia. Ujumbe ulionishika zaidi umetoka kwa kijana wa Mwanza: "Shikamoo dada. Nina milioni 15 nilizozichanga kwa jasho. Nataka kiwanda cha ndoo na mabeseni kama chako. Ninunue mashine gani, na wewe ulikuaje mpaka ukafika hapo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi mnaoota ndoto hiyohiyo. Na nitaanza na swali lako la pili, maana la kwanza halina jibu mpaka hilo lieleweke.

Mimi nilianzia stoo, kwenye kiwanda cha mifuko ya rambo hapa Dar. Nilipokea malighafi, nikaandika kilo zilizoingia na kilo zilizotoka. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba ifikapo Juni 1 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa itakuwa marufuku. Rwanda walishaikataza tangu 2008, Kenya Agosti 2017, kwa hiyo aliyetaka kusikia alishasikia. Mashine za mifuko zikazimwa, tukarudi nyumbani. Sina kinyongo na katazo lile mpaka leo. Nimekulia karibu na Mto Msimbazi, na kila mvua za masika nilikuwa naona rambo zilivyoziba mitaro, maji yakaingia vyumbani mwa watu. Kilichoniuma ni kuona mafundi waliotumia nusu ya maisha yao kwenye plastiki wakiambiwa ujuzi wao umeisha siku moja.

Ujuzi haukuwa umeisha. Mimi na fundi mmoja tuliyefanya naye kazi tukaunganisha akiba zetu, nikaongeza pesa ya kiwanja alichoniachia baba, tukanunua mashine ya injeksheni iliyotumika na moldi moja, yaani kalibu ya chuma, ya ndoo ya lita 20. Tukakodi banda Vingunguti. Jina la mwenzangu huyo silitaji, na msiniulize kwenye maoni.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona mashine hii ikifanya kazi: juu kuna faneli, ndiko unakomwaga punje za plastiki. Punje zinashuka kwenye bomba lenye moto, ndani yake skrubu kubwa inazunguka, inazikanda na kuzisukuma mbele. Ndoo zetu ni za polipropilini, ile yenye namba 5 chini ya chombo. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu, lakini bombani tunaipeleka zaidi ya 200 ili itiririke vizuri. Skrubu ikipiga, uji ule wa moto unajaza moldi kwa sekunde chache. Maji ya baridi yanapita ndani ya chuma cha moldi, plastiki inaganda, moldi inafunguka, ndoo inadondoka. Ukiishika wakati huo bado ina uvuguvugu, na pale katikati ya kitako pana kinundu kidogo, ndipo plastiki ilipoingilia. Ndoo ya kwanza iliyotoka safi niliipeleka nyumbani na ninayo hadi leo, inateka maji.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe.

Ndoo yetu tuliipangia gramu 800. Tukaanza kupeleka Kariakoo, ikauzika. Haikupita muda, mfanyabiashara mmoja wa jumla akatuambia ndoo zetu nzuri lakini ghali, kuna watu wanamletea kwa bei ya chini. Akataka tushushe. Mwenzangu akaja na jawabu usiku huohuo: tuchanganye unga wa chokaa. Jambo hilo si siri kwa walio ndani ya kazi. Chokaa ni rahisi kuliko polipropilini, na kikiwekwa kwa kipimo kina kazi yake halali, kinaifanya plastiki iwe ngumu, isipinde. Kwenye viti, kwa mfano, kinafaa. Lakini kwenye ndoo ya kubebea maji, ambayo mama ataitua chini kwa kishindo ikiwa na kilo 20, ukizidisha chokaa ile plastiki inapoteza unyumbufu, inapasuka kama kigae. Ubaya mwingine ni kwamba chokaa ni kizito karibu mara tatu ya polipropilini. Kwa hiyo unaweza kuipunguza unene ndoo, ukajaza chokaa, na mteja akiipima mkononi akaona ina uzito wake kamili.

Nikakataa. Tulibishana wiki nzima. Yeye alisema soko ndilo linaloamua, mimi nikasema mama wa Tandale anayenunua ndoo moja kwa mwaka naye ni soko. Mwisho tukagawana. Yeye akachukua moldi na wateja, mimi nikabaki na mashine na deni la pango. Nataka muelewe maana yake: mashine ya injeksheni bila moldi ni chuma tu. Na wateja wale nilikuwa nimewatafuta mimi, kwa miguu yangu, duka kwa duka, Mtaa wa Kongo mpaka Mtaa wa Msimbazi. Alipopita na gari lililobeba ndoo zake mbele ya banda langu, hakusimama hata kusalimia. Nimesamehe, lakini sijasahau, na sioni sababu ya kusahau.

Kipindi kilichofuata sikisimulii. Nilikodisha moldi za watu, nikatengeneza vifuniko, vibanio vya nguo, chochote kilicholeta pesa ya umeme. Tuvuke hapo.

Kilichonirudisha kwenye ndoo ni masikio ya ndoo. Ndoo yenye chokaa nyingi huanza kufa pale mkono wa waya unaposhikia. Panakuwa peupe kwanza, halafu panachanika. Wauza maduka wakaanza kurudishiwa ndoo na wateja wenye hasira, na muuza duka hapendi kugombana na jirani yake kwa ajili ya faida ya shilingi mia tano. Mmoja akanipigia: "Dada, zile ndoo zako za zamani bado zipo?" Nikakopa, nikanunua moldi mpya, gramu 800 zilezile. Siku ya kupeleka mzigo wa kwanza nilikwenda na bakuli la maji na kisu. Nikakata kipande cha ndoo yangu, kikaelea. Nikakata kipande cha ndoo iliyokuwa rafuni mwake, kikazama mpaka chini. Polipropilini safi ni nyepesi kuliko maji, lazima ielee. Chokaa ikifika kama asilimia 15 ya uzito, kipande kinazama. Muuza duka akaita wenzake waje waone. Tangazo hilo halikunigharimu hata senti, na ndilo lililojenga kampuni hii.

Kwa hiyo ukiniuliza nilikuaje, nilikua kwa kutoshusha gramu. Wengi mnataka niwaambie siri ya mikopo, au nani wa kumjua. Mikopo ipo, na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo tangu 1973, waendeeni mkaulize wenyewe. Ila kampuni ya plastiki inakua pale mtu anaponunua mara ya pili bila kuuliza.

Na hili sikulibuni mimi. Wadenmark wa Lego, ambao watoto wenu wanawajua kwa vile vitofali vya rangi, walianza na seremala, Ole Kirk Christiansen, akitengeneza midoli ya mbao katika mji mdogo wa Billund. Inasimuliwa kwamba siku moja mwanawe Godtfred alimweleza kwa furaha kuwa ameokoa pesa, bata wa mbao aliowapeleka stesheni amewapaka vanishi mara mbili badala ya tatu. Baba akamwamuru awarudishe wote, awapake tena usiku ule, peke yake. Mwaka 1946 mzee huyo akanunua mashine ya injeksheni, wakati wengi wakiona plastiki ni upuuzi. Tofali lao la leo linashikana na lile la 1958. Ili hilo liwezekane, moldi zao zinachongwa kwa usahihi wa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ukubwa wote ule unaouona umesimama juu ya kukataa vanishi ya mara mbili.

Nakuja kwenye malighafi, maana najua wengi mnaifikiria ya kurejeleza kwa sababu ya bei. Sisi tunaitumia, na naipenda kazi hiyo. Tunanunua kwa waokota makopo wa Vingunguti, Tabata na Buguruni. Nimeona kwa macho yangu vituo ambavyo mizani yake imechezewa, mama anafika na gunia alilolikusanya tangu alfajiri, anaambiwa kilo 8 wakati ni 11. Kwetu mizani iko nje mlangoni, uso wake umemwelekea muuzaji, na kando yake kuna jiwe la kilo 5 ambalo yeyote anaweza kuliweka juu akahakikisha. Ndiyo maana nikasema nunua mizani kwanza. Waokota makopo wanaambiana. Wakijua kwako hawaibiwi, wanakuletea mzigo uliochambuliwa, safi, vifuniko kando na chupa kando, na hiyo peke yake inakuokolea siku nzima ya vibarua.

Kuchambua ndiko kwenye pesa. Namba 2 ya madumu na namba 5 ya ndoo zinaelea majini, namba 1 ya chupa za maji na namba 3 ya mabomba zinazama. Ukisaga vyote pamoja umetengeneza uchafu: chupa ya maji inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 250 kuyeyuka, na PVC, ndiyo hiyo namba 3, ukiifikisha huko inaungua na kutoa moshi wa tindikali unaokula mapafu ya kijana wako na chuma cha mashine yako.

Na plastiki ya kurejeleza tunaitengenezea mabeseni ya kufulia, ndoo za ujenzi, vyungu vya maua. Haiingii kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kamwe. Hujui dumu lile lilibeba nini kabla ya kufika jalalani. Huenda lilikuwa la dawa ya mashambani. Nimeshakataa oda kubwa kwa sababu mteja alitaka ndoo za maji kwa bei ya mabeseni. Mungu akaleta nyingine. Ukitaka kuitwa mwenye kiwanda, lazima uwe na kitu ambacho hukiuzi hata uwe na njaa. Familia yako itakula, wafanyakazi wako watakula, lakini mtoto wa mtu asinywe sumu kwa ajili yako.

Nisisahau umeme. Mgao ulipokaza mwishoni mwa 2023, kabla maji ya Bwawa la Nyerere hayajaanza kuzungusha mitambo Februari 2024, ulikuwa unakatika katikati ya kazi na plastiki inagandia bombani. Ukirudi unapasha moto upya, kwa saa nzima na zaidi, na ndoo za mwanzo zinatoka na madoa meusi ya plastiki iliyoungua. Zile hatukuziuza kama daraja la kwanza. Tulizisaga, zikawa ndoo za zege. Vijana wangu niliwalipa siku zile pia, kwa kuwa hawakuwa wao waliokata umeme. Leo hakuna hata mmoja aliyehama, na jirani zangu wanalalamika kila mwezi kwamba mafundi hawakai. Ndugu zangu, fundi anakaa pale anapoheshimiwa. Mpe glavu, mpe feni, mpe mshahara tarehe uliyoahidi.

Haya, mdogo wangu wa Mwanza, milioni zako 15. Mashine ya ndoo ya lita 20 inataka nguvu ya kubana moldi ya tani 400 hivi, na moldi yake peke yake inaweza kumeza mtaji wako wote ukabaki na deni. Usiinunue. Nunua mizani nzuri, nunua mashine ya kusagia, jenga matangi mawili ya kuoshea. Mwanza una ziwa, una masoko, una wavuvi wenye madumu na maboya mabovu ambayo hakuna anayeyataka. Chagua namba 2 peke yake, isafishe mpaka iwe kama mpya, usage, uza chenga kwa viwanda. Muone Nzambi Matee wa Nairobi, hakuanza na ndoo wala beseni. Alichukua plastiki iliyokataliwa, akachanganya na mchanga, akatoa matofali ya njiani, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtambua miongoni mwa vijana mabingwa wa mazingira duniani. Angalia taka ya kwenu ni ipi, ndiyo ikuambie utengeneze nini. Sajili na upate kibali cha mazingira kabla hujaosha hata kilo moja, hasa kwa kuwa maji yako machafu yatataka kuelekea ziwani. Yajengee shimo la kuchujia.

Ukishakuwa na wanunuzi wa chenga wanaokulipa bila kukupima upya, hapo nipigie tuongee mambo ya injeksheni. Nina moldi moja ya beseni dogo imekaa bila kazi tangu tulipobadilisha ukubwa. Ni ya chuma kizuri, na mashine ya tani 150 inatosha kuibana. Tutapatana bei.