Muulize Mjomba Ramani: Kiwanja cha bondeni, kifusi cha jirani na barua nyingine

Masika yakiisha tu basi simu yangu inajaa, na mwezi huu barua karibu zote ni za mabonde. Nimechagua nne. Mlioandika kuhusu mirathi mnisamehe, zamu yenu inakuja.

*Shikamoo mjomba. Mi na mume wangu tulinunua kiwanja mwaka juzi huku pembezoni mwa Dar, chini yake kuna bonde lina kamto. Dalali alisema kamto kenyewe kiangazi kanakauka kabisa tusiogope. Tuna karatasi ya mauziano imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wamesaini. Tumeshapandisha msingi na kozi tano za tofali. Wiki iliyopita wamekuja watu na rangi wamechora X, ile alama ya kubomolewa, nyumba mbili za chini yetu, sisi wametupita. Jirani anasema tukimbizie maombi ya hati, ukishakuwa na hati hawakugusi. Ni kweli? Mama Wawili, Dar.*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie fundi apumzike, hiyo saruji iliyobaki ifunikeni turubai mvua isiigandishe. Pili, jirani anakudanganya, ingawa hakukusudia.

Sikia, mambo yako hivi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto na bwawa. Mita 60 hizohizo zimo pia kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, ile Namba 4, kwenye kifungu cha ardhi hatarishi, pamoja na mikoko na ardhioevu, yaani ardhi inayokaa maji, kwamba waziri anaweza kutangaza sehemu kama hizo kuwa hatarishi. Halafu juu yake kuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ambayo ndo inatoa ule mchoro wa eneo, huku makazi, huku shule, huku wazi. Sasa hati ni karatasi inayofuata mchoro, haitangulii. Ukipeleka maombi leo afisa atafungua mchoro, akikuta bonde anakurudisha, na asipokurudisha ndo mbaya zaidi maana utaishi na hati ambayo siku moja itafutwa. Wenzetu Uganda wamelipitia hilo, Katiba yao ya 1995 inasema ardhioevu inashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo hati zilizotolewa humo baada ya hapo zikahesabiwa batili, na 2024 watu walibomolewa pale Lubigi kando ya Kampala wakiwa wameshika makaratasi yao mkononi. Hati itakusaidia kubishania fidia. Kubaki ni habari nyingine.

Na ule muhuri wa serikali ya mtaa, nawaambia kila mwezi nachoka: mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani, basi. Hagawi ardhi, habadilishi matumizi, hajui hata mchoro wa kwenu unasemaje, na ile asilimia anayochukua haimpi mamlaka hayo.

Sasa kapime. Chukua futi kamba ya mita 50, muwe wawili, muanzie kwenye ukingo wa mto. Ukingo ni pale udongo unapokatika, msianzie pale maji yalipo mwezi wa nane, hapo ndo watu wanajidanganya. Na mjue mito yetu ya Dar inakula kingo. Mwaka fulani nilifuatana na mpima bondeni, tukatafuta bikoni moja, ile alama ya zege ya mpaka wa kiwanja, hatuioni, kumbe iko pembeni ya gema inaning'inia hewani, zege lake limeshikiliwa na mzizi wa mwembe kama ndizi kwenye mkungu. Siku bikoni ile inapandwa mto ulikuwa mbali nayo. Kwa hiyo ukinipimia leo ukapata mita 62 mi sikupongezi.

Baada ya hapo nendeni manispaa, idara ya mipango miji, msiulize "tunaweza kupata hati?", ulizeni "hapa pamepangiwa matumizi gani?", mkiwa na koodineti za kiwanja mlizochukuliwa na mpima mwenye leseni. Jibu likiwa makazi na mko nje ya mita 60, endeleeni kwa utaratibu. Jibu likiwa bonde, hizo kozi tano ni hasara ndogo kuliko paa. Najua inauma, ila kozi tano tofali mnaweza kuzibomoa wenyewe taratibu mkahamisha, bati na madirisha ya alumini yakishaingia hapo mtu hang'oki tena, anasubiri katapila.

Mnaikumbuka Desemba 2011? Mvua zile ziliua watu zaidi ya 40 Dar na serikali ikahamishia waathirika Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wengine wakapewa viwanja wakaviuza wakarudi bondeni kwa sababu kazi ziko Kariakoo, hazijahamia Mabwepande. Halafu mwishoni mwa 2015 zikaja X na mabuldoza Mkwajuni. Leo bonde hilohilo la Msimbazi lina mradi mkubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, watu wamelipwa fidia wakaondoka, daraja jipya la Jangwani, bustani ya jiji imo kwenye mpango. Mi nauliza tu, hiyo fidia na hilo daraja vyote ni gharama ya kuuza viwanja ambavyo ramani ilishasema visiuzwe. Na si wananchi peke yao bana. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa palepale Jangwani, na maji yakaja yakaogelea humo na mabasi. Serikali ikikaa bondeni utamwambia nini mwenye banda la bati?

Jangwani lakini, jina zuri kweli kwa sehemu inayofurika kila masika.

*Mjomba habari. Jirani yangu wa juu ananunua kifusi, tipa zinamwaga bondeni usiku tangu Januari, anasema anasawazisha ajenge fremu. Mwaka huu maji yameingia sebuleni kwangu, miaka kumi na moja hayajawahi. Nikimuuliza anasema kwake ni kwake. Anayelala na ndoo, Dar.*

Nzuri mwanangu, pole sana. Chukua beseni lijaze maji mpaka karibu na ukingo halafu weka tofali ndani. Yale yaliyomwagika ndo yako sebuleni kwako. Bonde ni chombo, lile tope na yale matete vinashika maji ya mvua kubwa vinayaachia polepole kwa siku kadhaa, ukilijaza moramu na zege la nyumba zilizobomolewa maji yanatafuta nafasi yaliyonyang'anywa na nafasi iliyo karibu ni kwa mwenye nyumba ya chini. Kwa hiyo "kwake ni kwake" haipo, tope ni lake ila maji ni ya mtaa mzima.

Usigombane naye. Piga picha za tipa, namba zionekane, andika tarehe na saa kwenye daftari, na piga picha ukuta wako pale maji yalipoacha mstari kabla hujapaka rangi. Kapeleke kwa afisa mazingira wa manispaa kwa barua, nakala irudi kwako na muhuri wa kupokelewa, nakala nyingine NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, nyingine Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu maana Dar imo kwenye bonde lao. Watatu kwa mpigo, kwa sababu ukimwandikia mmoja atakwambia si kazi yake, na kusema kweli hapo ndo sheria zetu zinapovuja: mto una mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, mazingira yana mwenyewe, na tipa haina mwenyewe. Andikeni kama mtaa mkiwa kumi, barua ya mtu mmoja wataiita ugomvi wa majirani.

*Mjomba, nasikia kila siku "eneo la Ramsar". Huyu Ramsar ni nani? Form Two, Tanga.*

Si mtu kijana! Ni mji Iran, kando ya Bahari ya Kaspi, mataifa yalikutana hapo tarehe 2 Februari 1971 wakasaini mkataba wa kulinda ardhioevu, ndo maana siku ya ardhioevu duniani ni hiyo tarehe 2. Tanzania tumeingia 2000 na tuna maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa kwenye mikoko. Ila kuandikwa kwenye orodha hakujengi uzio. Kinacholinda ni sheria ya ndani na mpango wa kijiji, soma barua ya chini.

*Shikamoo mjomba. Sisi tuko Bonde la Kilombero, tunalima mpunga. Wafugaji wanaingiza ng'ombe bondeni kiangazi, sisi tunasogeza majaruba kila mwaka, na hifadhi nayo inasogea. Wamekuja wataalamu wa wilaya wanataka tufanye mpango wa matumizi ya ardhi. Wazee wanasema ni ujanja wa kutunyang'anya bonde. Tukubali? Mkulima.*

Marahaba. Wazee wana sababu ya kuogopa siwalaumu. Huko kwenu 2012 kulikuwa na operesheni ya kuondoa mifugo, na 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa kuwa pori la akiba. Kwa hiyo mtu akija na ramani lazima roho ishtuke.

Lakini angalia upande wa pili. Mto Kilombero ndo unaoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na chini huko limeshajengwa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Serikali haitaacha kulitazama hilo bonde, iwe mna mpango au hamna. Tofauti ni kwamba mkiwa na mpango kuna karatasi inayosema kijiji kilikaa kikapanga, msipokuwa nao mchoraji atakuwa mwingine.

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 mpango unaandaliwa na halmashauri ya kijiji na lazima upite mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndo penu. Kwenye mkutano msikae nyuma mkisubiri soda. Daini wataalamu watembee na nyie mpakani kwa miguu, tena wachukue na vijana wawili wa wafugaji, maana mfugaji asipokuwemo kwenye mpango ataukanyaga na ng'ombe wake. Ombeni mapito ya mifugo yachorwe na upana wake uandikwe kwa mita, si "njia ya kutosha". Ulizeni maji ya kunyweshea yako wapi, kwa sababu mpango mwingi nilioona unamtengea mfugaji malisho mlimani na maji unamwachia bondeni, halafu mnashangaa Agosti ng'ombe wako kwenye mpunga. Ule ukanda wa kando ya mto muuache na matete yake, majaruba yaishie kwenye alama, na alama iwe kitu ambacho mtoto anaweza kukionyesha, mkuyu, daraja, shule, siyo namba za GPS peke yake. Na sheria ndogo za faini mzipitishe siku ileile au mkutano unaofuata, zisije zikalala kwenye droo ya mtendaji.

Kabla ya kusaini ombeni ramani ibandikwe ofisi ya kijiji wiki mbili kila mtu aikodolee macho. Wakikataa hilo dogo, basi wazee walikuwa sawa, niandikie tena.