Kabla hujanunua kiti, angalia miguu

Mwenzetu umeuliza kama kiti cha ofisi cha bei kali kitakusaidia kumaliza riwaya yako, maana ukikaa kidogo tu akili inaruka. Mimi huandikia Kayole, mtaa wa Nairobi, chumba kimoja, na ningesema pesa hiyo isubiri. Umesema huandika alfajiri. Basi mwezi huu wa Julai ninayemshuku kwanza ni baridi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na msimu huu usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Sakafu ya simiti nayo haina huruma. Mwili ukipata baridi hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani na tumboni. Vidole vinakuwa vizito, unakosea herufi, unarudi kufuta, na ile sentensi uliyokuwa umeishika kichwani imeshakwenda. Mtu hudhani amekosa msukumo, kumbe amekosa soksi! Mimi huvaa jozi mbili, nikafunika magoti kwa shuka na kukanyaga kipande cha kapeti. Chupa ya chai iwe karibu. Kikombe chenyewe hupasha vidole.

Kitandani? Wapo wanaoapa kwamba huko ndiko huandika vizuri, siwabishii. Kwangu blanketi hushinda kabla aya haijaisha.

Sasa meza. Ubaya wa laptopu ni kwamba skrini na kibodi vimeshikana: ukiweka mikono sawa, shingo inainama, ukiinua skrini, mabega yanapanda. Kibodi ya kuchomeka, hata ya bei ya chini, imenifaa kuliko kiti chochote. Laptopu naipandisha juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Viwiko vikunjike karibu nyuzi 90, nyayo zikae chini zote. Kiti changu ni cha mbao. Fundi mmoja wa Ngong Road alinipunguzia miguu ya kiti hicho nilipomwambia yangu inaning'inia. Alicheka sana, lakini alikata.

Ukishapanga hayo na mgongo bado unauma, hapo sawa, tafuta kiti cha ofisi cha mtumba. Ukikipata, kikalie hapo hapo kwa muda mrefu kabla hujalipa, hata muuzaji akikununia.